Kizimkazi hadi Michamvi kwa Miguu: Mwongozo wa Siku Nne kwa Watu Wawili

Kabla ya kununua begi na kabla ya kuomba likizo, angalia mwezi uko wapi. Njia ninayoieleza hapa inaanzia Kizimkazi, kusini kabisa mwa Unguja, inapita Mtende na Makunduchi, inapanda Jambiani, Paje na Bwejuu, na kuishia Michamvi kwenye ncha ya rasi. Ni kilomita 45 hadi 50 hivi, siku nne bila kukimbizana, na karibu kila hatua yake iko chini ya amri ya maji. Mimi na mume wangu tumeipita mara tatu. Mara ya kwanza tulipanga tarehe kwa kufuata nafasi za kazini, tukaishia kukaa saa nne juu ya jiwe karibu na Mtende tukisubiri bahari irudi. Mara mbili zilizofuata tulipanga kwa kufuata mwezi, na hakuna aliyelowa kupita magoti.

Yajue maji kwanza

Kwa siku moja maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kidogo, na kila siku wakati wake husogea mbele kama dakika 50, pungufu kidogo siku za bamvua. Bamvua huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata. Maji hujaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti ya juu na chini hufika mita 4 hivi. Maji mafu huja mwezi ukiwa nusu: hayapandi sana, wala hayashuki sana.

Kwa hiyo kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani ni jedwali la maji. Tarehe 1 hadi 3 ni bamvua, 14 hadi 17 ni bamvua. Tarehe 7 au 8, na 21 au 22, ni maji mafu. Na kuna jambo moja linalorahisisha kila kitu: siku za bamvua hapa Unguja maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, jioni na alfajiri. Ni hivyo mwezi baada ya mwezi. Siku za maji mafu mambo hugeuka: saa nne asubuhi bahari imejaa, na kupwa ni jioni.

Ndiyo sababu nasema anzeni tarehe 15 au 16 ya mwezi wa Kiislamu, au tarehe 1 au 2. Siku ya kwanza maji yatapwa saa nne na nusu hivi, siku ya pili baada ya saa tano, ya tatu yakikaribia saa sita, ya nne baada ya saa sita na nusu. Mnapata asubuhi nzima ya kutembea maji yakitoka. Haya ni makadirio ya kupangia tu. Saa kamili itazameni kwenye jedwali la maji la Zanzibar, lipo kwenye simu, halafu iandikeni kwenye karatasi, kwa sababu simu hulowa na chaji huisha.

Sasa hesabu ambayo ningependa kila anayeshuka kwenye mwamba aijue. Igawe tofauti ya maji katika mafungu kumi na mawili. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda fungu moja, saa ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Kwa bamvua ya mita 4, saa ya tatu na ya nne peke yake ni mita 2, yaani urefu unaompita mtu mzima kichwani. Wanaonaswa hudanganywa na saa ya kwanza. Wanaangalia, wanaona maji kama yamesimama, wanasema tuna muda. Na pwani ya mashariki ina hatari nyingine: mwamba uko mbali, ndani yake ni tambarare yenye mifereji. Maji yakianza kurudi hupita kwenye ile mifereji kwanza, kwa hiyo unaweza kuwa umesimama pakavu huku nyuma yako, upande wa nchi kavu, tayari pana mkondo.

Kubalianeni saa ya kugeuka

Hili linahusu wawili tu, na kwangu lina uzito kuliko begi na viatu. Kila asubuhi kabla ya kutoka, mtaje kwa sauti saa mbili: saa maji yanapopwa, na saa ya kugeuka. Saa ya kugeuka ni saa moja baada ya kupwa. Ikifika na bado mko chini ya jabali, mnapanda au mnarudi mlikotoka, hata kama sehemu mnayoiendea mnaiona kwa macho. Na mmoja akisema "hapana, mimi hapa sipiti," mjadala umekwisha. Mwenzake haulizi kwa nini, habembelezi, hanuni.

Siku ile ya Mtende mimi niliona maji yanapanda na sikusema. Mume wangu naye aliona na hakusema. Kila mmoja alidhani mwenzake ana hakika. Baadaye, tukiwa juu ya jiwe na mabegi mapajani, ndipo tulipogundua kwamba wote wawili tulikuwa na hofu tangu nusu saa nyuma. Ilikuwa siku ya maji mafu, tukajiambia maji madogo hayana neno. Tuliondoka saa moja asubuhi bahari ikiwa tayari inajaa, na saa tatu njia ikakatika mbele na nyuma. Tulishuka saa saba. Jioni, mzee mmoja mvuvi pale Makunduchi alisikiliza habari yetu hadi mwisho, kisha akauliza tu: "Na mwezi, wanangu, hamkuuangalia?"

Msimu na mwelekeo

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki, nguvu yake ni Juni hadi Septemba. Kaskazi hutawala Desemba hadi Machi. Masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, msiende: mvua ni nyingi na njia za maweni huteleza.

Ukienda kusini kwenda kaskazini kama nilivyoipanga hapa, kusi huwa mgongoni na hewa ni ya ubaridi wa kupendeza. Hasara yake ni mawimbi. Pwani kati ya Kizimkazi na Makunduchi imeelekea bahari kuu, na Julai na Agosti mawimbi hupiga jabali kwa nguvu hata maji yakipwa. Miezi hiyo siku ya kwanza piteni juu tu, kwenye njia za kijiji, msishuke kabisa. Wakati wa kaskazi bahari ya upande huo hutulia zaidi, lakini jua ni kali na upepo utawakabili usoni siku tatu za mwisho. Anayetaka anaweza kuigeuza safari aanzie Michamvi. Mimi napenda tanga mbili, yaani kipindi cha pepo kubadilika, ya Oktoba, kabla vuli haijakolea.

Mkifika Julai, ulizeni siku ya Mwaka Kogwa wa Makunduchi. Wanaume hupigana kwa mapande ya migomba kutoa kinyongo cha mwaka mzima, na kijumba cha makuti huchomwa. Siku hizo nyumba za wageni hujaa, pangeni mapema.

Mabegi mawili, yasitegemeane

Kila mmoja abebe begi lisilozidi kilo 8, na kila begi liwe na maji yake, tochi yake, chakula kidogo na fedha taslimu. Msiweke maji yote kwa mwenye nguvu na dawa zote kwa mwingine. Mkitenganishwa na mkono wa maji kwa saa mbili, kila upande uwe na vyake.

Maji ya kunywa: lita 3 kwa mtu kila siku. Visima vingi vya pwani hii vina chumvichumvi kwa sababu ya mawe, kwa hiyo jazeni dukani kila kijiji. Siku ya kwanza ndiyo kame kuliko zote. Ondokeni na lita 4.

Viatu ni raba zenye soli ngumu ambazo hujali zikiloa. Ndala hazifai. Jiwe la matumbawe ni kama msumeno, na ndala ikichomoka kwenye tundu la mwamba mguu ndio unaolipa. Viatu vyepesi vya jioni vikae kwenye begi.

Chukueni kanga mbili. Ni kivuli, taulo, shuka, kifuniko cha kichwa, na bandeji ya kufungia mkono ulioteguka. Kofia pana, shati la mikono mirefu, na mafuta ya kuzuia jua, kwa sababu kutembea na bamvua maana yake ni kuwa nje saa tano hadi saa saba, jua likiwa utosini. Tende, karanga na kashata haziozi wala haziyeyuki. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku. Vitu visivyotakiwa kulowa vifungeni kwenye mfuko mzito usiopitisha maji.

Dawa: sabuni, ayodini, bandeji, kibanio cha kung'olea miiba, dawa ya maumivu, na pakiti za ORS, zile chumvi za kurudisha maji mwilini. Vitambulisho vyenu viwe juu juu. Baadhi ya nyumba za wageni vijijini huuliza kama mmeoana, na jibu la heshima humaliza mambo.

Hema sikushauri. Ufukweni si mahali pa kulala bila ruhusa, na vijiji vyote hivi vina vyumba vya bei tofauti. Mkilazimika, mtafuteni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, kwanza, mjitambulishe, mwelezeni mnakotoka na mnakokwenda. Hata msipolala, ni adabu nzuri kwa wageni wanaopita na mabegi.

Siku ya kwanza: Kizimkazi hadi Makunduchi

Fikeni Kizimkazi jioni ya kuamkia safari. Daladala ya huko kutoka mjini ni namba 326. Kama kuna mwanga, nendeni Dimbani mkauone msikiti wenye maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Ombeni ruhusa, mvue viatu, mjisitiri.

Siku hii ndiyo ngumu, kilomita 12 hadi 14, na ndiyo ninayoipenda. Tafuteni mwenyeji wa kuwaongoza, mvuvi au kijana anayekwenda kuwinda pweza huko, na bei mpatane usiku. Ramani ya simu haioni njia za maweni, ule msitu mfupi uliota juu ya mawe ambamo jiwe na shimo vimefunikwa na majani yale yale.

Ondokeni saa kumi na mbili na nusu. Hadi Mtende piteni juu. Huko kuna ngazi za kushukia kwenye kiufuko kidogo kilichobanwa na majabali pande zote mbili. Maji yakijaa mchanga wote humezwa. Mkifika saa tatu mtaukuta mchanga unafunguka. Hapo ndipo pa kushuka na kutembea chini ya jabali, si mbali, upande mwongozaji wenu anaouruhusu. Tazameni jinsi bahari ilivyolila jiwe kwa chini likabaki kama uyoga. Msisimame juu ya ukingo wa namna hiyo, maana chini yake ni tupu, na msilale kwenye kivuli chake. Msiipe bahari mgongo, wimbi kubwa halipigi hodi.

Saa ya kugeuka ikifika, pandeni. Mtende hadi Makunduchi ni kwa njia ya juu tena. Mtafika mmechoka, na vyumba ni vichache kuliko Jambiani, kwa hiyo mpigieni simu mwenye nyumba siku moja kabla na umwambie mtakula nini. Wali wa nazi na samaki wa kupaka unahitaji taarifa.

Siku ya pili: Makunduchi hadi Jambiani

Kilomita 10 hivi. Mwanzo ni mawe na vijifuko, kisha polepole mchanga unashinda. Ondokeni saa mbili, maji yakiwa yanatoka, mtembee pembeni yake. Penye jabali linaloingia baharini, kama hamwoni upande wa pili, mmoja abaki na mabegi na mwingine achungulie kwanza. Sehemu kadhaa zina njia ya kupanda kwenye vichaka. Zitambueni mnapozipita, kwa sababu hizo ndizo milango yenu ya dharura.

Mchana mtaingia Jambiani, kijiji kirefu kilichojinyoosha ufukweni. Pumzikeni sana leo.

Siku ya tatu: Jambiani hadi Bwejuu, katikati ya mashamba ya mwani

Kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hii mwaka 1989, na hadi leo wanaokifanya ni wanawake zaidi. Vigingi, kamba, na vichane vya mwani vilivyofungwa kimoja kimoja, mgongo umeinama na chumvi iko machoni. Sijaona kazi ngumu kuliko hii pwani nzima. Kwa hiyo pita nje ya mashamba. Usikanyage kati ya kamba kwa ajili ya picha, na usimpige mtu picha bila kuomba. "Shikamoo" kwa mama mtu mzima, "poleni na kazi" kwa wote, na mara nyingi mtakaribishwa mkaone.

Hao mama ndio saa bora ya bahari. Wakianza kukusanya mizigo na kutoka, nanyi tokeni. Msisubiri kuona kwa nini.

Kwenye tambarare hii burureni miguu kwenye maji yasiyoonekana chini, msiingize mikono kwenye matundu. Kuna wanyama wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, na kuna samaki mwenye sumu anayefanana na jiwe. Ukichomwa na samaki huyo, mguu uingie kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, huku mkitafuta usafiri wa hospitali. Maji ya moto hupunguza pia maumivu ya miiba myeusi. Inayotoka itoeni kwa kibanio, na wenyeji hupaka utomvu wa papai kwa iliyobaki. Mkwaruzo wa matumbawe, hata mdogo kama kucha, osheni kwa maji safi na sabuni mara moja, mpake ayodini, mrudie jioni. Huo ndio unaoharibu safari nyingi, kwa sababu watu huudharau hadi mguu uvimbe.

Vaeni kwa kuheshimu vijiji: mabega na magoti yafunikwe, mwanamume asitembee kifua wazi. Ramadhani msile wala msinywe hadharani mchana. Kwa kutembea juani na lita 3 za maji, ni bora kuchagua mwezi mwingine.

Paje ina maduka, mashine za fedha na kelele. Jazeni maji, mnunue matunda, mwendelee kilomita 4 mlale Bwejuu, ambako usiku mnausikia mwamba ukiunguruma mbali.

Siku ya nne: Bwejuu hadi Michamvi, na kuvuka

Kilomita 13 hivi, mchanga mwingi hadi Dongwe, kisha mawe yanarudi Pingwe. Ondokeni saa tatu. Maji yanapwa baada ya saa sita na nusu, kwa hiyo mna nafasi, lakini mbele ya baadhi ya hoteli za Dongwe kuna kuta zinazofika mbali kwenye mchanga, na hizo mnazizunguka tu maji yakiwa chini. Pingwe mtauona mgahawa uliojengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakipwa watu huuendea kwa miguu, yakijaa huvushwa kwa mashua. Kateni rasi muingie Michamvi Kae, upande wa magharibi, kwenye mikoko na maji yasiyo na mawimbi.

Kutoka Kae mnaweza kurudi kwa gari, ila kama miguu bado inataka safari, vukeni Ghuba ya Chwaka kwa mashua. Patana bei kabla ya kupanda, na uulize kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila mmoja. Kama halipo, pandeni gari. Maji yakiwa yamepwa ghuba ni mchanga na majani ya bahari, chombo hakipiti, hivyo nahodha atawaambia msubiri hadi saa tisa au kumi. Msimsukume. Kuleni muhogo na pweza, mlale chini ya mti wa mkungu. Chwaka mtashukia karibu na mnada wa samaki, na daladala za mjini huondoka hapo hapo. Ulizeni ya mwisho ni saa ngapi kabla hamjavuka.